Dada Staa, Hiyo Mall Unayoicheka Wewe Uliondoka na Bahasha, Wenzako Wakabaki na Madeni

Jamani, klipu mmeiona. Msijifanye hamjaiona, mimi nimetumiwa na watu kumi na moja na wawili kati yao ni shangazi zangu. Staa wetu, mdada wa mjini, kavaa miwani ya jua ndani ya jengo, anapanda kwa miguu ngazi za umeme ambazo zimezimwa. Anageuza kamera kushoto, fremu imefungwa. Kulia, fremu imefungwa. Anacheka kile kicheko chake halafu anasema mkoani bwana, watu mmejengewa mall mnaogopa kuingia. Chini huko vicheko vimejaa mpaka simu inaganda.

Jina lake sitaji. Mall sitaji, mji pia sitaji, niseme tu ni kanda ya kaskazini na waliopo huko wameshaelewa. Wa Mwanza mtadhani nasema ya kwenu, wa Mbeya hivyo hivyo, wa Dodoma na Morogoro nanyi mtaanza kuulizana kwenye magrupu. Sawa tu, maana ugonjwa ni ule ule.

Ila dada, nikukumbushe kidogo. Siku ya ufunguzi ulikuwepo. Wenye jengo walikuleta na gari la vioo vyeusi, ukaimba nyimbo mbili juu ya sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa, ukaambiwa na mshereheshaji useme "mall yetu" ukasema. Bahasha ukapokea. Kisha ukazunguka kwa wapangaji mmoja mmoja unapiga nao picha, ukaingia kwa shoga yangu, ukapenda gauni la kijani, ukaondoka nalo. Ulisema utalitupia Insta umtaje. Tutarudi kwenye hilo gauni.

Kwanza hili la "mnaogopa kuingia". Nani anaogopa? Njoo Jumamosi Moshi, panda boda mpaka Memorial uone watu wanavyochambua mitumba. Pale pesa inatembea kuanzia asubuhi. Mtu ana laki moja na nusu mkononi, anatoka na suruali nne, viatu, shuka na koti la mtoto, na chenji ya ndizi anabaki nayo. Mji ule una watu zaidi ya laki mbili kwa sensa ya 2022, una mahospitali, vyuo, watalii wa mlima, wakulima, wafanyabiashara ambao ukiwaona na kandambili utawapa mia mbili kumbe wana maghorofa. Hawa si watu wasiojua kununua. Wanajua kununua kuliko wewe unayevaa vya kupewa.

Tatizo ni kwamba jengo lilipigiwa hesabu ya mteja ambaye anaonekana wiki mbili kwa mwaka. Kila mtu wa kaskazini anaijua Desemba. Kuanzia tarehe 18 hivi mabasi yamejaa, magari ya kutoka Dar yamepaki mpaka juu ya mitaro, kila familia imerudi kula nyama kwa babu na bibi. Mall inajaa kweli. Watoto wa mjini wanataka pizza, baba anataka kuonekana, mama anabeba vikombe ambavyo havihitaji. Sasa sikilizeni ujanja. Dalali akipata mtu anayetafuta fremu anampeleka kuona jengo lini? Tarehe 27 Desemba, jioni. "Dada angalia mwenyewe hii nyomi, ukichelewa fremu inachukuliwa." Shoga yangu alipelekwa tarehe 28. Januari ya pili wageni wamesharudi Dar, waliobaki wanatafuta ada za shule na sare, na mlinzi wa mall anasikia nyayo zake mwenyewe.

Nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapochinjwa na hakuna anayetengeneza klipu. Fremu yake ilikuwa mita za mraba 18, yaani chumba cha kawaida tu cha kulala. Kodi dola 18 kwa kila mita. Ndiyo, dola. Mtu anauza magauni kwa shilingi, kwa wanawake wanaolipwa shilingi, kwenye mji ambao hata mchicha hauuzwi kwa dola, mkataba umeandikwa dola. Juu yake kuna gharama za huduma, dola 4 kwa mita, hiyo ni ya walinzi, usafi, jenereta na hizo ngazi za umeme zilizozimwa. Inakuja dola 396. Weka VAT asilimia 18, inafika kama dola 467 kwa mwezi. Alipoanza, mwanzoni mwa 2023, dola ilikuwa kama shilingi 2,300, kwa hiyo alikuwa analipa milioni moja na sabini na kitu. Katikati ya 2024 dola ilishafika kama 2,600 na bili ikapanda kwa karibu laki moja na nusu bila mtu kupandisha kodi hata senti moja. Alipoenda ofisini kulalamika akaambiwa kodi haijabadilika. Na ni kweli haijabadilika, soma mkataba!

Gauni moja lilikuwa linamwachia faida ya elfu kumi na mbili akishatoa nauli ya mzigo kutoka Kariakoo. Piga mwenyewe. Anatakiwa auze magauni mia moja kwa mwezi ndipo alipe jengo tu, hajamlipa binti wa dukani, hajala, hajapeleka marejesho ya vikoba. Magauni mia moja, Februari, kwenye korido ambayo wapita njia wakubwa ni njiwa.

Kuna watakaosema, si angejua kabla. Angejuaje? Mkataba una kurasa nyingi, wote Kiingereza cha mahakamani, unapewa Ijumaa unatakiwa urudishe Jumatatu na kodi ya miezi sita mkononi pamoja na ya mwezi mmoja ya kushikilia. Mashelfu, kioo cha mbele, taa, bango, vyote unaweka kwa pesa yako, na ukiondoka vinabaki mali ya jengo. Yeye aliweka karibu milioni nne kwenye kupendezesha nyumba ya mtu mwingine.

Halafu kuna lile la supamaketi. Watu wengi hawaelewi mall inavyofanya kazi, mimi mwenyewe nilikuwa sielewi. Duka dogo haliwezi kuvuta watu peke yake. Linapangishwa duka moja kubwa, mara nyingi supamaketi, kwa kodi nafuu sana kwa kila mita, ili livute watu waje kununua mchele na sabuni, na wakishafika wapite mbele ya fremu ndogo. Fremu ndogo zinalipa kodi kubwa kwa sababu zinanunua hao wapita njia. Biashara halali, sina ugomvi nayo. Swali ni je, supamaketi ikifunga, kodi yako inashuka? Huko Marekani wapangaji wenye wanasheria huwa wanaweka kipengele kwamba duka kubwa likiondoka, wao wanalipa pungufu au wanaruhusiwa kuvunja mkataba. Hapa kwetu fremu ndogo inaendelea kulipa kama vile watu bado wanapita.

Na supamaketi kufunga siyo hadithi ya kutunga, sisi tunaokumbuka tunakumbuka. Nakumatt ya Kenya iliingia Tanzania 2011 na duka lake la kwanza hapa lilikuwa Moshi. Moshi, siyo Dar! Watu walienda na nguo za kanisani. Mwaka 2014 wakachukua na maduka ya Shoprite ya Dar na Arusha, Wasauzi walipoamua kufunga virago. Ikaonekana ndiyo imefika. Uchumi, Wakenya wengine, walifunga maduka yao yote ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Kufika 2017 Nakumatt rafu zilianza kuwa na nafasi, kisha nafasi zikawa nyingi kuliko bidhaa, wanapanga chupa za maji ya kunywa mstari mzima ili pasionekane patupu. Januari 2020 wadai wake huko Nairobi wakapiga kura kampuni ivunjwe. Game nao wakaondoka nchini 2022. Hizo ni kampuni zenye wahasibu na mabenki nyuma yao, zimeshindwa. Halafu tunamshangaa mwanamke mwenye mkopo wa vikoba kwa kufunga fremu ya mita 18.

Wala usidhani ni ushamba wa Kiafrika. Kuna mji Marekani unaitwa Rochester, jimbo la New York, ndiko ilikotoka Kodak ya filamu za kamera. Ni mji wa watu kama laki mbili, tuseme saizi ya Moshi. Mwaka 1962 walifungua katikati ya mji jengo la maduka lililofunikwa, Midtown Plaza, lililochorwa na Victor Gruen, yule mhamiaji kutoka Vienna ambaye ndiye baba wa mall zote hizi. Lilikuwa na saa kubwa ya mapambo ya mataifa na wakati wa Krismasi kuna kitreni cha watoto kinapita juu kwa juu. Watu walitoka miji mingine kuja kulishangaa. Baadaye wateja wakahamia mall za pembezoni ambako kuna maegesho ya bure, maduka makubwa mawili ya pale yakafunga miaka ya tisini, madogo yakafuata, 2008 likafungwa na 2010 wakaanza kulibomoa. Supamaketi kwanza, fremu ndogo baadaye. Wazungu wale walikuwa na magari na mishahara na bado jengo lilikufa. Sidhani kama kuna staa aliyeenda kuwaambia wanaogopa kuingia.

Huyo Gruen mwenyewe uzeeni alizikana hizi mall. Alikuwa anataka maduka yakae pamoja na nyumba za watu, zahanati, shule, sehemu za kukaa bila kununua kitu. Wenye pesa wakachukua maduka na maegesho, mengine wakaacha.

Nasi tumechukua hicho hicho kilichobaki. Mlango mkubwa wa mall yetu unatazama maegesho ya magari, wakati mji mzima unatembea kwa daladala na boda. Kituo cha daladala kiko ng'ambo, unavuka barabara mbili na mtaro. Boda haruhusiwi kusogea, anakushusha getini na jua lake. Ukiingia na begi unakaguliwa kama unaenda kumuona rais. Vijana watatu wakikaa kwenye benchi dakika kumi bila kununua, mlinzi anawauliza "mnasubiri nani?" Dada, wale vijana wanaoulizwa mnasubiri nani ndio wanaokuangalia wewe. Wangeachwa wakae wangenunua hata soda, kesho wangekuja na wapenzi wao, keshokutwa mmoja angekuwa na kazi na angenunua viatu. Nyomi ya Kariakoo haikutengenezwa na walinzi wa kuuliza watu wanasubiri nani.

Nisiwaoneshe wapangaji kama malaika pia. Maduka matano ya nguo kwenye ghorofa moja, yote mzigo umetoka Kariakoo kwenye fremu zile zile, gauni lile lile rangi tatu. Wanafungua saa nne na nusu, saa kumi na mbili taa zimezimwa, wakati mfanyakazi anatoka kazini saa kumi na moja. Bei ukiuliza unaambiwa njoo inbox, na umesimama mbele yake! Kisha sisi wateja. Nakiri hapa mbele yenu, nimewahi kuingia mall, nikajaribu viatu, nikapiga picha namba ya ndani, nikaenda kuagiza kwa dada wa Insta kwa elfu kumi na tano pungufu, vikaletwa na basi. Ninyi pia mmefanya, msinitazame hivyo. Yule dada wa Insta halipi kodi ya dola. Anauzia sebuleni, stoo yake ni uvungu wa kitanda, mshindane naye vipi?

Na machinga aliyepanga chini ya mti nje ya geti naye hana dola 467. Miaka ile ya vitambulisho vya elfu ishirini alikuwa anakaa popote, wenye mall wakapiga kelele kwamba ndiye anayewaua. Oktoba 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani nchi nzima. Haya, wameondoka. Mall imejaa? Mtaa ndio uliopoa. Wale wapita njia aliokuwa anawavuta machinga ndio waliokuwa wanaingia kujificha jua kwenye kiyoyozi na kununua aiskrimu.

Wenye jengo nao wana upande wao, na nimeusikia kwa mmoja wao, mzee wa heshima, nilimwamkia vizuri na akanijibu vizuri. Anasema jengo limejengwa kwa mkopo, benki haingoji, vifaa viliagizwa kwa dola, umeme wa korido unawaka hata fremu zikiwa tupu. Namuelewa. Lakini nilimuuliza, mzee, kwa nini basi fremu ikae tupu mwaka mzima kwa dola 18 badala ya kukaa na mtu kwa dola 7? Akasema akishusha kwa mmoja, wote watataka. Na benki ikiona kodi imeshuka, thamani ya jengo kwenye makaratasi inashuka. Kwa hiyo fremu tupu kwenye makaratasi ina thamani kuliko fremu yenye mtu. Nikamshukuru kwa ukweli wake, nikatoka nje kutafuta maji.

Sasa angalau la dola limepata sheria. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza na kulipisha bei kwa fedha za kigeni hapa nchini, kodi ya pango ikiwemo. Wapangaji, someni, na mkilipishwa kwa "shilingi inayolingana na dola ya siku hiyo" ulizeni hiyo siyo dola iliyovaa baibui ni nini. Kingine, kodi ya asilimia ya mauzo. Mashine za EFD zipo, mauzo yanaonekana, mwenye jengo achukue kiasi kidogo cha kudumu na kipande cha mauzo. Desemba atakula vizuri, Februari atafunga mkanda pamoja na mpangaji wake badala ya kumfungia kufuli. Akipata hasara pamoja nao mtaona jinsi kituo cha daladala kitakavyosogezwa upesi. Ghorofa ya pili ambako hakuna anayepanda wawekwe watu wanaofuatwa kwa lazima: daktari wa meno, maabara, fundi cherehani, ofisi ya mabasi ya kukata tiketi. Mtu hapandi ghorofa kutafuta gauni la tatu linalofanana, ila jino likimuuma atapanda hata ngazi zilizozimwa. Na fremu zigawanywe. Kuna wasichana wengi wanaweza kulipa mita nne, wa kucha, wa kusuka, wa simu, na hao ndio wanaoleta watu, maana kusuka ni masaa matano na mtu lazima ale.

Hayo siyo maajabu. Ni yale yanayofanyika kila siku kwenye majengo ya kawaida ya stendi, ambayo hayana jina la Kiingereza mlangoni na yamejaa mpaka usiku.

Shoga yangu alifunga Machi mwaka jana. Alifungiwa, kusema ukweli. Alichelewa wiki tatu akakuta kufuli juu ya kufuli lake, mzigo wake ndani, akapewa saa mbili kutoa magauni chini ya macho ya mlinzi ambaye alikuwa akimnunulia chai kila asubuhi. Pesa ya kushikilia haikurudi. Kioo, taa na bango viliachwa, na dada, kwenye klipu yako sekunde ya kumi na nne, fremu ya kulia yenye bango la pinki lililochanika kona, uliyoipiga teke kidogo kwa kiatu huku unacheka? Ndiyo yake hiyo.

Aliiona klipu nikiwa naye. Hakusema kitu, aliirudisha mara mbili, akaendelea kupiga pasi. Sasa hivi ana fremu nyuma ya stendi, laki mbili na nusu kwa mwezi kwa shilingi, jirani zake ni muuza nyanya na fundi redio, na saa kumi na mbili jioni ndiyo anauza sana. Mkopo wa vikoba umebaki miezi mitano. Ule wa kausha damu aliochukua kulipia mwezi wa mwisho wa mall hataki tuuzungumzie.

Sasa lile gauni. La kijani, la mikono mirefu, saizi 12, elfu sitini na tano. Hukulitupia Insta wala hukumtaja, ila ulilivaa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya yule mwenzako, picha ya tatu, tumeliona. Namba yake unayo, alikutumia meseji mara nne na zote zina alama ya kusomwa. Haijabadilika, ile ile, na pesa inaingia hata saa hizi.